Mkesha, Barabara ya Lamu

Nimetoka Barani alasiri, jua bado linanidai,
redio ndogo mkobani, imefungwa raba kiunoni
maana kifuniko cha betri kilishatangulia mbele ya haki.

Duka kubwa wamesimamisha mti wa plastiki,
wameutia pamba mabegani, eti theluji.
Pamba! Kwetu pamba ni ya masikio na ya maiti,
mtoto wa hapa akiiona anauliza nani amefariki.
Bawabu kavishwa koti jekundu na ndevu,
jasho linamchuruzika hadi viatuni,
anasema "karibuni" kama anayeomba kuokolewa.

Mimi si wa kanisa. Lakini nina macho,
na mti nikiuona najua
kama umepandwa au umebandikwa.

Redioni kijana wa Nairobi anatutakia heri
"katika kijibaridi hiki", kisha anatupa habari za foleni:
magari yamekwama Barabara ya Thika.
Huku waliokwama ni punda wawili na tuktuk moja
iliyorembwa mpaka dereva haoni mbele.
Halafu salamu: "Ziwafikie ndugu zetu wa Kakonini."
Kakoneni, mwanangu! Ka-ko-ne-ni.
Nimemsahihisha kwa sauti, katikati ya njia.
Mwitaliano mzee akageuka, akaniambia chao.

Nilikaa redioni miaka kumi na moja,
idhaa ndogo, magodoro yamepigiliwa ukutani,
feni marufuku kwa sababu ya kelele.
Nilitangaza bei ya korosho, mbuzi waliopotea,
na saa saba kamili, vifo.
Watu walisimamisha kijiko hewani.
Siku hizi idhaa ina mwenyewe mwingine,
kompyuta inajiendesha usiku kucha
bila hata kukohoa.
Redio isiyokohoa siiamini.

Mti mzuri kuliko yote mjini, nikiulizwa
(siulizwi), ni ule mnara wetu wa zamani:
chuma kitupu, taa tatu nyekundu, moja imekufa,
na kunguru juu, pale wengine wanapoweka nyota.

Fataki. Watoto wakatawanyika.
Mama mmoja kapita na kuku wawili vichwa chini,
nao wanasikiliza kila kitu.

Kwenye lango la nyumba ya wageni wasiokuja tena
mlinzi aitwaye Changawa ameupamba mvinje,
mvinje wa kweli, wenye mizizi na siafu:
vizibo vya soda kwenye uzi, sidii zilizochakaa,
mswaki mmoja, sijui kwa nini.
Nikasimama kumsifu. Mvinje, nikamwambia,
ndio mti pekee wenye redio ndani:
kaskazi ikiupitia unatoa ule mvumo
ulio kati ya stesheni na stesheni.

Akaweka kikombe chini.
"Sauti hii naijua. Wewe ndiye mama wa vifo."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Ulimtangaza mama yangu. Ukamwita Mboze.
Alikuwa Mbodze. Mashangazi kule Marafa wakasikia,
wakasema huyo si wetu, wakaendelea kupalilia.
Tulimzika tukiwa watu tisa."

Mimi, na Kakoneni yangu.

Nikamwomba alitamke. Akalitamka.
Nikajaribu, akatikisa kichwa.
Nikajaribu tena, ulimi ukitafuta mahali nyuma ya meno
ambapo haujawahi kukaa,
mara ya nne, ya tano,
mpaka akasema: hapo.

Akazima redio yake, nami yangu.
Nikasimama chini ya mvinje, vizibo vikigongana,
nikakohoa.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Mbodze,
mamake Changawa. Habari ziwafikie
dada zake wote wa Marafa,
popote walipo, waweke majembe chini.
Tangazo hili limechelewa miaka kumi na tisa.
Kosa ni la msomaji."

Ile tuktuk ya mapambo ikapunguza mwendo.
Dereva akatoa kichwa kati ya makaratasi yanayong'aa,
akavua kofia,
akauliza mazishi ni lini.